Paa Limepanda, Waya Uko Palepale

Kama uko nyumbani na redio yako ni ya kubeba, au unanisikiliza kwa simu, nakuomba utoke nayo hadi uani. Usipande mahali, usiguse kitu. Simama tu utazame juu, utafute pale umeme unapoingilia nyumbani kwako. Utaona waya umetoka kwenye nguzo ya mtaa, umevuka njia, pengine umevuka na paa la jirani, ukafika kwenye kibano kilichotiwa ukutani chini ya upenu wako, na kutoka hapo ukateremka hadi kwenye mita ya umeme ya TUKUZA. Mafundi wanauita sevisi laini. Wenye nyumba wengi hawauiti kitu. Umekuwepo siku zote, kama ulivyo mwembe wa jirani.

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya waya huo na paa lililo chini yake. Ukishauona, jiulize: siku ulipofungwa pale, nyumba yako ilikuwa na kimo gani?

Nauliza hivyo kwa sababu najua tunavyojenga. Mtu anaanza na vyumba viwili Fuoni au Tomondo, hapa Unguja, bati la chini, choo nje. Umeme unakuja, nguzo inasimamishwa, waya unavutwa, watoto wanasoma usiku, alhamdulillahi. Miaka inapita. Kijana mmoja anaoa, ukuta unaongezwa kozi nne, bati jipya linainuliwa ili joto lipungue. Mwengine anarudi kutoka Muscat na fedha kidogo, banda la biashara linasogezwa mpaka karibu na njia. Halafu siku moja mabati yote yanaondolewa, linamwagwa zege, na juu ya zege zinaachwa nondo zimechomoza kama mabua ya mtama baada ya mavuno, zikingojea ghorofa ambayo Mungu akipenda itakuja.

Sina lawama na ujenzi wa namna hiyo. Ndivyo maskini anavyopata nyumba, tofali kwa tofali, na mimi mwenyewe nimekulia kwenye nyumba iliyokua kuliko nilivyokua mimi. Lakini yule fundi aliyefunga waya alipima kwa paa la siku ile. Akaacha nafasi, akashuka ngazi, akaenda zake. Tangu siku hiyo nyumba imeupandia waya mara tatu, na hakuna aliyerudi kumwambia.

Kuna jambo kuhusu waya huu ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo linaloniogopesha zaidi. Hauna mlinzi. Ndani ya nyumba yako una breka; baadhi ya nyumba zina pia kile kifaa kinachokata umeme wote mara tu unapovuja kidogo. Vyote hivyo vimekaa baada ya mita. Waya wa juu ya paa uko kabla ya mita. Ukizima swichi kubwa, taa zitazimika, friji litanyamaza, feni litasimama, na waya ule utabaki na volti 230 zake kamili kana kwamba hukugusa kitu. Nimewaona kwa macho yangu mafundi wa paa wakisema, "Mama, zima umeme, tunapanda," na mama anazima kwa nia njema kabisa, na wao wanapanda wakiwa na imani ambayo haina msingi wowote.

Kinachoulinda waya ule ni fyuzi iliyo huko kwenye transfoma, na fyuzi ile iliwekwa kwa ajili ya mtaa mzima. Transfoma ya kVA 100 inaweza kutoa ampea 144 kwa kila fezi, na fyuzi yake imepangwa kuvumilia mzigo wa kiasi hicho. Sasa linganisha na mwili wa mtu. Sehemu moja ya kumi ya ampea inatosha kuuvuruga moyo, na hata chini ya hapo. Ile taa ndogo ya LED ya wati 7 inachukua kama miliampea 30 kwa hesabu ya wati, na 30 ndicho kiwango ambacho vifaa vya kukinga watu vimewekewa visikivuke. Kwa transfoma, mtu anayekufa juu ya paa ni mzigo mdogo kuliko feni. Fyuzi haina cha kuona.

Ukilifahamu hilo, utafahamu kwa nini mabati yana hatari ya kimyakimya. Waya wa zamani, ambao ganda lake limepasuka kwa jua, unagusana na ukingo wa bati. Upepo wa kusi ukivuma, waya unakwenda na kurudi, unajisugua, miezi kwa miezi, mpaka ganda linaisha. Mtu angetarajia cheche, mlio, taa kuzimika mtaani. Mara nyingi hakuna chochote. Bati limekaa juu ya kenchi za mbao, mbao zimekaa juu ya ukuta mkavu, umeme hauna njia ya kwenda ardhini, basi unatulia tu. Paa zima limekuwa waya, na aliye chini yake amelala.

Umeme huo unangojea njia. Mvua za masika zinaweza kuupa. Mfereji wa bati unaoteremsha maji kwenye pipa unaweza kuupa. Mlingoti wa antena, msumari mrefu uliogusa chuma cha dirisha, ngazi iliyoegemezwa. Na kitu kimoja ambacho kimo katika nyua zetu nyingi mno: waya wa kuanikia nguo, uliofungwa msumari wa kenchi upande mmoja na mwembe upande wa pili. Mama anakuja asubuhi, miguu mitupu, ardhi imeloa umande, kanga mkononi inachuruzika maji. Anainua mkono. Jamani, kamba ya nailoni inauzwa dukani kwa fedha ndogo sana, na nguo zinakauka vilevile. Katika yote nitakayosema leo, hili ndilo linaloweza kufanywa kabla ya adhuhuri bila kumwita fundi yeyote.

Watoto huuliza, na ni swali zuri: mbona kunguru anakaa juu ya waya siku nzima na hafi? Kunguru hawa wetu weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, na wamekaa tangu hapo. Kunguru anatua na miguu yote miwili juu ya waya mmoja. Hagusi ukuta, hagusi ardhi, hagusi waya wa pili, kwa hivyo umeme haupati pa kupitia ndani yake. Mtu aliye juu ya paa hana bahati hiyo, kwani mkono wake uko kwenye waya na goti lake liko kwenye ukuta uliolowa. Na hata kunguru ana shari yake: hupenda kujengea kiota vipande vya waya na chuma, na kiota hicho akikiweka kwenye nguzo kinaweza kuunganisha nyaya mbili zisizotakiwa kukutana. Fundi akimaliza kazi kwenu, okoteni vipande vyote. Vile vinavyoachwa uani mtavikuta juu ya nguzo.

Tuje kwenye umbali wenyewe. Kanuni za Marekani nimezisoma, kwa kuwa zimeeleza jambo hili waziwazi: waya wa kuingilia nyumba uwe juu ya paa linaloweza kukanyagwa kwa kiasi cha mita mbili na nusu, uwe mbali na dirisha linalofunguka au roshani kwa kiasi cha sentimita 90, juu ya mahali watu wanapopita kwa miguu usipungue mita 3, na barabara zinazopita malori uwe juu zaidi, mita tano na nusu hivi. Kipimo kitakachotumika nyumbani kwako atakupa mtaalamu wa ZECO, shirika letu la umeme, lakini hivyo vinatosha kutufikirisha.

Nani alifikiriwa kipimo cha mita mbili na nusu kilipopangwa? Mtu anayetembea juu ya paa, akinyoosha mkono, asiufikie waya. Mtu huyo hana kitu mkononi. Sasa mlete fundi wetu. Bati la futi 10 lina urefu wa zaidi ya mita 3. Kijana aliye chini analisimamisha wima na kulisukuma juu, mwenzake aliyekaa kwenye kenchi analipokea kwa ncha na kulivuta. Kwa dakika hiyo moja ncha ya bati imeupita waya uliopangwa kwa kanuni zote. Nondo ina urefu wa mita 12, na ukiinyanyua kutoka mtaani kwenda ghorofani inayumba kama mnazi mchanga. Ngazi ya alumini ni chuma kitupu. Kwa hivyo nyumba inaweza kuwa halali kabisa siku zote za mwaka na ikaua siku ya kuezeka. Umbali ulioandikwa unamfaa mwenye kukaa. Mwenye kujenga unamfaa umeme uliokatwa kwenye nguzo, na watu wa shirika waliokuja kuukata.

Huko mashamba na pwani ya mashariki na kaskazini kuna suala la makuti, nalo halizungumzwi inavyostahili. Kanuni zile za Marekani zinaruhusu waya uteremke hadi karibu sentimita 90 juu ya paa lenye mteremko mkali, kwa hoja kwamba paa kama hilo halikanyagwi. Kwao sawa. Paa la makuti la Jambiani au Nungwi lina mteremko mkali kuliko hilo, na linakanyagwa. Kila baada ya miaka michache waezekaji wanapanda, wanatoa makuti makongwe, wanapanga mapya, wanamalizia kwenye mgongo wa paa, kule juu kabisa, ambako ndiko waya hupita. Na makuti yanataka cheche moja tu. Nyumba za wageni zimejengwa kwa safu huko ufukweni, paa kubwa la makuti karibu na paa kubwa la makuti. Upepo wa kaskazi ukiwa na nguvu, moto hauulizi mpaka wa kiwanja. Mwenye nyumba ya wageni anayepanga kuezeka upya angefanya vizuri kuanza na barua ya kuhamishiwa waya, au kuuzika ardhini kwenye bomba kutoka nguzo hadi ukutani, kabla hajatoa oda ya makuti.

Na waya wenyewe una tabia yake. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua likiuchoma, unarefuka. Chukua waya wa alumini uliovutwa mita 30, umelegea katikati nusu mita. Joto lake likipanda nyuzi 25, urefu unaongezeka chini ya sentimita mbili, upana wa kidole. Utasema si kitu. Lakini pale katikati unashuka kwa takribani sentimita 16. Kidole kimoja cha urefu kinakuwa karibu shibiri ya mteremko. Fundi aliyeuvuta asubuhi ya baridi ya Julai, ukaonekana umepita juu ya bati kwa nafasi ndogo lakini salama, hatauona Februari saa nane mchana umelala juu ya bati hilo hilo.

Sasa tuingie Mji Mkongwe, maana huko kila nililolisema linabadilika sura.

Umeme Unguja ulianzia pale mbele. Sultani Sayyid Barghash alilijenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, na jumba hilo ndilo la kwanza hapa kuwa na taa za umeme. Kwa hivyo huu ni mji uliokuwa na umeme kabla ya miji mingi, lakini haukujengwa kwa ajili yake. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kuvuka chumba kipana, ndiyo maana vyumba vyake vina upana wa kama mita 3, na vichochoro vyengine havifiki hapo. Hakuna pa kusimamisha nguzo. Basi waya ukapita palipobaki: juu ya kuta, kutoka nyumba hii hadi ile, kandokando ya madirisha, chini ya roshani za mbao, ukapinda kona, ukaingia ndani. Juu yake zikaja simu, zikaja nyaya za televisheni, zikaja za intaneti. Leo ukisimama kwenye kichochoro cha Kiponda au Mkunazini ukatazama juu, huwezi kujua upi una volti 230 na upi umekufa miaka ishirini iliyopita. Jibu la busara ni moja: zote ziko hai.

Ukuta wa chokaa nao unanywa unyevu. Kibano kilichotiwa kwenye plasta ya chokaa kinashika miaka kadhaa, halafu plasta inamumunyuka, msumari unalegea, na waya uliokuwa umekazwa ukutani unaanza kuning'inia njiani. Chumvi ya bahari inafanya kazi yake kwenye viungo. Hasa pale shaba ilipounganishwa na alumini bila kiungo maalumu, chuma kimoja kinakila kingine, kiungo kinapata moto, kinameguka. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na wageni wanaipiga picha milango yake. Ningependa mara moja moja picha hizo zipigwe futi tano juu ya milango.

Halafu kuna mapaa. Mapaa ya asili ya Mji Mkongwe yalikuwa bapa, ya zege la chokaa. Mengi yalipovuja yakawekewa mabati. Siku hizi juu ya baadhi yake kumejengwa mikahawa na mahali pa kunywea chai na kutazamia jua likizama. Ni jambo zuri, linaleta riziki, na upepo wa huko juu hauna mfano. Lakini paa lililokuwa la kuanika karafuu na nguo sasa lina watu arubaini usiku, wanainua simu zao juu ya fimbo wapige picha, wahudumu wanafungua na kufunga miavuli mikubwa yenye mlingoti wa chuma. Mamlaka ya Kuhifadhi na Kuendeleza Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ina kazi ya kukagua mabadiliko ya majengo huko, na mjenzi anatakiwa apate kibali. Natamani kwenye kila kibali cha kuinua paa kuwe na mstari mmoja unaouliza: waya wa jirani uko wapi? Maana mara nyingi waya unaopita juu ya paa lako si wako. Wako umeingilia mlango mwengine. Huu unaokusumbua unampelekea umeme mjane wa nyumba ya tatu, naye hajui kwamba umekuwa karibu na vichwa vya wageni wako.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na sioni aibu kulitamka: wengi wetu tunanyamaza kwa sababu waya ni wa mwengine. Anayejenga anasema shirika ndilo liuondoe. Jirani anasema aliyepandisha nyumba ndiye agharimie. Shirika linaweza kusema halikuarifiwa. Huku kibarua wa miaka kumi na tisa yuko juu ya ukuta na bati mkononi. Kama kuna mtu katika mtaa ambaye angeweza kuwakalisha wote barazani kabla tofali la kwanza halijapanda, ni sheha. Sheha anajua nani anajenga. Magari ya mchanga yanapita mbele ya mlango wake. Naomba masheha wanaonisikiliza walifanye hili kuwa swali lao la kwanza kwa kila anayeanza ghorofa.

Nisisahau majenereta. Tarehe 21 Mei 2008 Unguja iliingia kizani kwa takribani mwezi mzima, na tarehe 10 Desemba 2009 ikaingia tena, mpaka Machi 2010. Waya wa chini ya bahari, ule unaotua Fumba tangu mwaka 1980, ndio uliokuwa tegemeo letu. Tangu mwaka 2013 tuna mwengine mkubwa zaidi. Lakini ile miezi mitatu ilitufundisha kununua majenereta, na majenereta bado yapo mabandani. Baadhi yanachomekwa kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya kubadilisha umeme, na hapo umeme wa nyumbani unarudi nyuma kupitia mita, unatoka nje kwenye waya wa paa, unakwenda kwenye nguzo. Transfoma haichagui upande. Ukiisukumia volti 230 kutoka kwako, inaweza kuzitoa volti 11,000 upande wa pili, mahali ambapo fundi wa laini ameshika waya akiamini umekatwa. Kwa hivyo usimwambie kijana wako apande paa kwa sababu "umeme umekatika mtaa mzima". Pengine jirani amewasha jenereta dakika ile ile.

Ufanye nini, basi, wewe uliyesimama uani na redio? Kwanza usipime waya kwa mkono, kwa ufito, wala kwa futi ya chuma. Kuna njia ya kupima ukiwa chini. Mwambie mwenzako mwenye kimo cha wastani, tuseme mita 1.7, asimame ardhini karibu na ukuta, upande ule waya unakopita. Wewe rudi nyuma hatua ishirini. Nyoosha mkono, shika kalamu wima, weka ncha yake kwenye kichwa chake na ukucha wa gumba kwenye miguu yake. Sasa inua kalamu bila kusogeza gumba, ulinganishe nafasi iliyopo kati ya paa na waya. Kama nafasi hiyo inafika kimo cha mtu mmoja na nusu, umekaribia mita mbili na nusu. Kama haifiki hata kimo kimoja, mtu akisimama pale kichwa chake kinaugusa. Kadirio hili halimshindi mtaalamu, lakini linatosha kukupeleka kwenye ofisi ya umeme ukiwa na neno la kusema.

Nenda kabla ya kujenga. Peleka mchoro, au mchukue mtu wa shirika umwoneshe kidole: hapa ndipo ukuta utakapofika. Uliza kama waya unaweza kuhamishiwa upande mwengine, au kuinuliwa kwa nguzo ndogo, au kubadilishwa uwekwe ule wa kisasa uliosokotwa, wenye ganda nene lisilopasuka upesi kwa jua, badala ya zile nyaya tupu za zamani zilizopangwa juu ya vikombe vya kuhami umeme. Uliosokotwa ni salama zaidi, lakini ganda lake nalo si ruhusa ya kuushika, wala kuuegemezea ngazi. Siku ya kuezeka omba umeme ukatwe nguzoni kwa saa zile. Mabati yapitishwe yamelala, yasisimamishwe. Nondo zipandishwe upande wa nyumba usio na waya hata kama ni mbali zaidi. Watoto wenye vishada na wenye vigoe vya kuangulia embe waambiwe ni mti upi hauguswi, na mti huo ukatwe matawi na watu wa shirika, asipande mtoto wa jirani mwenye panga.

Na ikitokea mtu amenaswa juu ya paa, usimshike, wala usilishike bati, ngazi au mfereji. Kuzima swichi ya ndani hakutamsaidia. Piga simu shirika la umeme wakate, ita watu, uwazuie wengine wasipande. Katika ajali za namna hii anayenaswa wa pili mara nyingi huwa ndugu au rafiki aliyekimbilia kuokoa. Umeme ukishakatwa kwa uhakika na mtu hapumui, akandamizwe kifua bila kusita mpaka afikishwe hospitali.

Nina shangazi yangu Kiponda, ghorofa ya tatu. Kama wanawake wengi wa Mji Mkongwe, hashuki kununua mkate. Anakishusha kikapu kwa kamba dirishani, muuzaji anatia, yeye anavuta. Kwa miaka mingi waya wa umeme ulipita chini ya dirisha lile, umbali wa mkono mmoja, umelegea kwa sababu kibano kilikuwa kimeng'oka kwenye chokaa. Akajifunza kukirusha kikapu kushoto kidogo kabla hakijateremka, ili kamba isiuguse. Alifanya hivyo asubuhi na jioni, pamoja na siku za mvua kamba imeloa, na sisi sote tuliokuwa tukienda kumwamkia tuliona ni ustadi wake tu. Nami niliona, sikusema kitu, na hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka uliopita kijana wake mmoja alikwenda kuomba, akarudi, akaomba tena. Wakaja mafundi wawili, wakaukata umeme kwenye chanzo chake, wakautoa waya upande ule na kuupitisha ukuta wa nyuma usio na dirisha, kwa vibano vipya vilivyoingia mpaka kwenye jiwe. Kazi ilichukua nusu siku. Chini ya dirisha sasa hapana kitu, mpaka njiani. Nilikuwepo wiki iliyopita muuzaji wa mkate alipoita. Shangazi alikichukua kikapu, akafungua dirisha, na kabla hajakiachia, mkono wake ukakitupa kushoto.